Kununua helikopta ya tabini iliyotumika: mwongozo kamili, kuanzia hesabu ya saa hadi namba mpya ya usajili

Tangazo la helikopta iliyotumika huanza na picha: rangi mpya, viti vya ngozi, skrini zinazong'aa. Hivyo ndivyo vitu vya bei rahisi kuliko vyote kwenye mashine hiyo. Thamani yake imo kwenye vitabu vya kumbukumbu, palipoandikwa kila kipuri kikubwa kimeruka saa ngapi na kimebakiza ngapi. Anayenunua helikopta ananunua saa zilizobaki, na asiyejua kuzihesabu atalipa mara mbili: mara ya kwanza kwa muuzaji, mara ya pili kwa karakana.

Mwongozo huu ni wa anayetafuta mashine nyepesi ya injini moja ya tabini, yaani inayozungushwa na gesi ya moto, yenye viti vitano au sita, ambayo kituo chake kitakuwa Afrika Mashariki.

Kwanza, andika kazi yake

Kabla hujafungua tangazo lolote, andika safari tatu utakazozifanya mara nyingi zaidi. Unatoka wapi, unatua wapi, na watu wangapi, mizigo ya kilo ngapi, asubuhi au mchana? Swali la mwisho linaonekana dogo, lakini kwetu ndilo linaloamua.

Chukua uwanja wa Wilson, Nairobi. Uko takriban futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho, vitabu vya ndege huhesabu joto la kawaida kuwa nyuzi 4 hivi. Mchana wenye nyuzi 26, hewa inakuwa nyepesi kiasi kwamba helikopta inajiona iko futi 8,000 au zaidi. Pangaboi linakosa hewa nzito ya kukamata, injini nayo inavuta hewa pungufu. Mashine iliyoinuka vizuri Mombasa ikiwa na watu watano, hapa inaweza kushindwa kuning'inia, yaani kusimama hewani bila kusonga, na watatu.

Sasa tupige hesabu ya uzito kwa Bell 206B JetRanger III. Uzito wa juu unaoruhusiwa ni pauni 3,200, yaani kilo 1,451. Tuseme unayoitazama ina uzito mtupu wa kilo 840 pamoja na vifaa vyake. Zinabaki 611. Inakunywa karibu lita 100 kwa saa, kwa hiyo mafuta ya saa mbili ni lita 200, takriban kilo 160. Rubani kilo 85. Zimebaki 366: abiria wanne wa kilo 85 kila mmoja na begi moja dogo. Hiyo ni ruhusa ya makaratasi tu. Fungua kitabu cha rubani kwenye majedwali ya kuning'inia, weka kimo na joto la mahali utakapotua, usome kilo anazokuruhusu mtengenezaji. Tumia jedwali la kuning'inia juu, mbali na ardhi, kwa sababu kwenye uwanja wa shule uliozungukwa na miti au kwenye ukingo wa bonde hutapata msaada wa hewa inayogonga ardhi na kurudi.

Omba karatasi halisi ya kupima uzito ya mashine hiyo hiyo. Uzito uliotajwa kwenye brosha si wa helikopta iliyobeba kiyoyozi, redio za ziada na viti vizito vya kifahari.

Familia nne za kuzijua

Bell 206 ndiyo shule ya wengi. Ilianza kuruka mwaka 1966, na JetRanger III ilitengenezwa kuanzia 1977 hadi 2010. Injini yake ni Allison 250, ambayo tangu 1995 iko chini ya Rolls-Royce. Matoleo yake ya C20B na C20J yana nguvu za farasi 420, ingawa giaboksi kuu inaruhusu 317 tu wakati wa kuinuka. Mafundi wanaoijua wako wengi, vipuri vinapatikana, na tabia zake zinafahamika. Udhaifu wake ni nguvu kwenye joto na kimo.

AS350, ambayo Wafaransa waliiita Écureuil na leo inauzwa mpya kwa jina la H125, ni mnyama wa milimani. Mwezi Mei 2005 Didier Delsalle alitua na AS350 B3 kwenye kilele cha Everest. Toleo la B2 lina injini ya Arriel 1D1 yenye nguvu za farasi 732, na B3 ina Arriel 2 inayodhibitiwa kwa kompyuta. Tangi linabeba lita 540 na mashine inakula karibu lita 180 kwa saa. Kwa kazi ya Nairobi, Nanyuki, Arusha au miteremko ya Kilimanjaro, mimi ningetafuta B2 safi kabla ya kitu kingine chochote: nguvu ipo, mfumo wa kudhibiti mafuta ni wa kimakanika unaoeleweka, na bei haijafika ya B3.

Robinson R66, iliyopata idhini Marekani mwaka 2010, ni nyepesi zaidi na hesabu yake ni rahisi: ikifika saa 2,000 au miaka 12, kinachotangulia, mashine nzima inafanyiwa ovahoo, yaani inavuliwa na kutengenezwa upya. Umri wake ndio unaokupa karibu bei yote. MD 500 ni ya haraka, ndogo na imara, lakini viti vyake vya nyuma vimebana. Mpe anayeihitaji kwa doria, si kwa wageni wenye mabegi.

Kwa JetRanger na R66, zenye mapanga mawili yanayobembea juu ya mhimili, hakikisha rubani wako amefundishwa vizuri hatari ya kusukuma pua chini ghafla hadi mwili wa mashine upoteze uzito. Kitovu cha pangaboi kinaweza kugonga mhimili na kuukata. Hilo halitibiwi na ukaguzi wowote, ni suala la mikono.

Hesabu ya saa zilizobaki

Hapa chukua muda wako wote.

Muombe muuzaji jedwali la vipuri vyenye ukomo. Kila mstari uonyeshe jina la kipuri, namba ya aina, namba yake mwenyewe, saa ilizoruka, ukomo wake na kilichobaki. Kuna aina tatu za ukomo na usizichanganye. Vipo vinavyofikia saa fulani na kutupwa moja kwa moja. Vipo vinavyofunguliwa na kutengenezwa upya. Na vipo vinavyohesabiwa kwa kalenda, hata kama mashine imelala kwenye hanga.

Kwenye injini ya C20B, kompresa, sehemu inayobana hewa, hufanyiwa ovahoo kila saa 3,500. Sehemu ya tabini hukaguliwa upande wake wa moto kwa saa 1,750 na kufanyiwa ovahoo kwa 3,500. Ndani yake magurudumu ya tabini yana ukomo wake: la kwanza na la pili saa 1,775 au mizunguko 3,000 ya kuwasha, la tatu na la nne saa 4,550 au mizunguko 6,000. Helikopta iliyofanya safari fupi fupi za watalii, kuwasha na kuzima siku nzima, inaweza kumaliza mizunguko huku saa zikiwa bado nyingi. Tangazo litataja saa peke yake. Wewe dai mizunguko.

Geuza kila mstari uwe pesa. Tuseme karakana imekupa bei ya dola 150,000 kwa ovahoo ya sehemu ya tabini; ni tarakimu ya mfano, yako itatoka kwenye nukuu ya maandishi. Gawanya kwa saa 3,500: kila saa ya kuruka inakula karibu dola 43 kwenye kipuri hicho kimoja. Kama imeshatumia saa 3,000, unapokea mashine yenye deni la takriban dola 129,000 ambalo halimo kwenye bei uliyotajiwa. Fanya hivyo kwa kompresa, giaboksi kuu, kitovu, mapangaboi, giaboksi ya mkia na servo zinazosaidia mikono ya rubani. Jumlisha madeni yote, ongeza kwenye bei, kisha linganisha na mashine ya pili. Mara nyingi ile iliyoonekana ghali ndiyo inayotoka nafuu.

Kalenda ndiyo inayowaumiza wenye matumizi binafsi. Anayeruka saa 80 kwa mwaka atafikiwa na tarehe muda mrefu kabla ya saa. JetRanger ina mikanda ya chuma inayoshikilia mapangaboi yasichomoke, na mikanda ya aina iliyozoeleka hubadilishwa kila saa 1,200 au miezi 24. AS350 ina ukaguzi mkubwa wa miaka 12, ambapo mashine inavuliwa karibu yote. AS350 inayouzwa ikiwa na miaka 11 tangu ukaguzi huo inauzwa kwa sababu hiyo, hata kama muuzaji anasema anahamia biashara nyingine.

Makaratasi

Kaa na vitabu siku nzima. Soma kuanzia siku ilipotoka kiwandani, bila kuruka mwaka. Pengo la miezi kadhaa lisilo na maandishi huwa na maelezo: ajali, kesi, au kulala nje kwenye mvua. Kwa mashine iliyosajiliwa Marekani, kumbukumbu za uchunguzi wa ajali za NTSB, bodi ya usalama wa usafiri ya nchi hiyo, ziko wazi kwa umma na unatafuta kwa namba ya usajili. Tafuta namba zake zote za zamani pia.

Kila kipuri kilichofungwa kiwe na cheti cha kuachiliwa: Fomu 8130-3 ya FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, au Fomu 1 ya EASA, ile ya Umoja wa Ulaya. Kwa familia ya Bell 206 kuna tahadhari ya pekee. Jeshi la Marekani lilitumia ndugu zake kwa maelfu, na vipuri vya kijeshi vilivyouzwa kama masalio vimewahi kupenya kwenye mashine za kiraia bila historia inayofuatika. Kipuri chenye ukomo kisicho na historia tangu siku ya kwanza kihesabu kuwa kimekwisha, hata kikiwa kinang'aa.

Halafu maagizo ya lazima ya usalama, ambayo mafundi wote huyaita AD. Dai orodha inayoonyesha kila agizo, tarehe lilipotekelezwa, njia iliyotumika na sahihi. "Limetekelezwa" bila tarehe wala sahihi halijatekelezwa.

Ukaguzi kabla ya kununua

Chagua karakana ambayo haijawahi kuihudumia mashine hiyo, na uilipe wewe. Mpeleke na fundi wako atakayeishi nayo huku nyumbani. Nauli yake ni pesa ndogo kuliko zote utakazotumia.

Waanze na namba. Kila namba iliyochongwa kwenye kipuri isomwe kwa tochi na kulinganishwa na jedwali. Namba moja isipolingana, ukaguzi usimame mpaka maelezo yapatikane.

Mwili wa JetRanger kwa sehemu kubwa ni paneli za sega la nyuki, bati jembamba la alumini likiwa limegandishwa pande zote mbili. Unyevu ukiingia, kutu hula ndani huku rangi ya nje ikibaki nzuri. Fundi mzuri atatembea na sarafu akigonga gonga sakafu, paa na tumbo la mashine. Palipo pazima panalia kwa sauti kavu na kali. Palipoachana panajibu kwa mlio mfu, mnene. Azungushie chaki kila sehemu inayojibu hivyo. Kama mashine imeishi Florida, Ghuba ya Mexico, au pwani yetu ya Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar, kazi hii isiharakishwe. Boliti nne zinazoshika mkia kwenye mwili zikaguliwe, pamoja na mipasuko kuzunguka matundu yake.

Kwa AS350, macho yaende kwenye Starflex, ile nyota ya nyuzi za kioo inayobeba mapanga matatu, na kwenye beringi za mpira na chuma zilizo ndani yake. Mpira unaomwaga vumbi jeusi au uliopasuka ukingoni umechoka. Uliza pia kama limewekwa tangi la mafuta linalostahimili ajali. Tarehe 3 Julai 2015 huko Frisco, Colorado, AS350 B3e ya kubeba wagonjwa ilianguka muda mfupi baada ya kuinuka na kuwaka moto. Rubani alifariki na wauguzi wawili waliokuwamo waliumia vibaya. Mashine mpya zinazotengenezwa sasa kwa soko la Marekani zinatakiwa kuwa na mfumo huo, lakini za zamani hazina mpaka mwenyewe aufunge. Kama haupo, omba nukuu ya kuufunga na uipunguze kwenye bei. Kwangu mimi hili si la hiari kwa mashine itakayobeba familia.

Injini ichunguzwe kwa kamera ya ndani. Kwenye C20, nusu ya ganda la kompresa inaweza kufunguliwa bila kuishusha injini, na ni vizuri ifunguliwe: vumbi la viwanja vya murram hulamba ncha za visu vya kompresa na kuchimba utando wa plastiki ulio ndani ya ganda. Chumvi ya pwani nayo hula visu vya tabini. Uliza kama ilikuwa ikioshwa kwa maji, mara ngapi, na wapi imeandikwa. Sumaku za kunasa chembe kwenye injini na giaboksi zote zitolewe mbele yako, na chujio la oili lifunguliwe.

Kuwasha na kuruka

Omba mashine iwe baridi unapofika. Gusa ganda la injini. Likiwa la moto, mtu ameiwasha ili ikuwakie vizuri.

Kaa mbele na uangalie vipimo viwili kwenye dashibodi: mzunguko wa kompresa na joto la gesi. Kwenye C20B, starta huzungusha mpaka asilimia 15 hivi ya kasi kamili ndipo rubani afungue mafuta. Joto litaruka juu. Kati ya nyuzi 810 na 927 linaruhusiwa kukaa sekunde 10 tu, na kwenye 927 sekunde moja. Injini yenye afya na betri nzuri hupanda kwa haraka hadi asilimia 60 na joto linashuka lenyewe. Ikijikokota huku joto likining'inia juu, shuku betri, starta au kompresa iliyochoka, na uliza kuhusu kila tukio la kuwaka kwa joto kali lililowahi kuandikwa.

Angani, fanyeni kipimo cha nguvu kama kitabu cha rubani kinavyoagiza: kimo, joto la nje, toki (nguvu ya kuzungusha), joto la gesi, kisha jedwali. Injini iwe juu ya kiwango cha chini, na ulinganishe na vipimo vya miaka iliyopita ili uone inashuka kwa kasi gani. Mtetemo nao unapimwa kwa kifaa. Usiridhike na kauli ya "haitetemeki".

Pesa na umiliki

Andikeni barua ya nia: bei, amana inayorudishwa, karakana itakayokagua, na nani analipia kasoro. Kanuni inayokubalika ni kwamba kasoro zinazozuia mashine kuruka kisheria ni za muuzaji. Amana ikae kwa wakala huru wa kushika fedha, kamwe isiende kwenye akaunti ya dalali.

Kwa mashine ya Marekani, umiliki na madeni hutafutwa kwenye masjala ya FAA iliyoko Oklahoma City. Tafuta pia kwenye Masjala ya Kimataifa iliyoko Dublin, chini ya Mkataba wa Cape Town, unaolinda haki za wanaodai ndege. Kenya na Tanzania zote ni wanachama. Dai la benki lililoandikwa pale linaifuata helikopta hadi hanga lako. Fedha zisiachiliwe mpaka hati ya mauzo, kufutwa kwa madeni na cheti cha ustahiki wa kuruka kwa ajili ya kuuza nje vyote viwe mkononi mwa wakala.

Kuileta nyumbani

Nenda KCAA ya Kenya, TCAA ya Tanzania au mamlaka ya anga ya nchi yako kabla ya kulipa amana. Uliza kama aina hiyo imekubaliwa, kama kuna sharti la umri kwa kazi unayotaka kuifanya, na kama marekebisho yaliyofungwa juu yake yatatambuliwa. Majibu yawe ya maandishi. Kwa forodha, helikopta zenye uzito mtupu usiozidi kilo 2,000 ziko kwenye namba 8802.11, mpe wakala wako namba hiyo akuandikie ushuru na kodi ya mwaka huu, kwa sababu sheria za fedha hubadilika kila bajeti.

JetRanger husafiri ndani ya kontena la futi 40 ikiwa mapangaboi yametolewa. Ikifika, kuifunga upya ni kazi ya fundi mwenye leseni ya aina hiyo, ikifuatiwa na kupanga mapangaboi, kupima mtetemo na safari ya majaribio. Bima ianze kabla kontena halijafunguliwa, na mjulishe kampuni ya bima saa alizonazo rubani wako kwenye aina hiyo. Wengi hudai mafunzo ya ziada kwanza.

Namba mpya ikishapakwa, 5Y kwa Kenya au 5H kwa Tanzania, kuna jambo ambalo husahaulika: kifaa cha kutoa ishara ya ajali cha megahezi 406 bado kinajitambulisha kwa nchi ya zamani, na transponda, redio inayoitambulisha mashine kwa waongozaji, nayo ina anwani ya zamani. Vyote viwili vipangwe upya na fundi wa redio, na kifaa cha ajali kisajiliwe kwa jina na simu yako, la sivyo siku ya dharura waokoaji watampigia mtu aliyeko Texas. Katika saa 25 za kwanza, zitoe tena sumaku za chembe, kaza upya boliti za mkia kwa kipimo, na urudie kipimo cha nguvu katika uwanja wako mwenyewe. Tarakimu hiyo iandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu kipya, kwa sababu vipimo vyote vijavyo vitalinganishwa nayo.